Wimbo wa Kufagia

Jassi alinipigia simu kutoka Kanada nikiwa nakaanga vitunguu, na kwa vile yeye si mtu wa kupiga bila sababu, nilizima jiko kwanza ndipo nikapokea. "Nya," akasema, "Kiprop ameenda." Nikamuuliza ameenda wapi. Presha ilikuwa imemwangusha nyumbani kwake Njoro akiwa anafunga viatu, na familia ilikuwa imemtafuta Jassi ili Jassi anitafute mimi. Walitaka nije niimbe "Fagia" kaburini, kwa sababu marehemu alikuwa akiwaambia wanawe kwamba huo ndio wimbo bora aliowahi kutunga. "Aliowahi kutunga," nikarudia. "Najua, Nya. Najua. Mimi nimebeba tu ujumbe." Nikamwambia awaambie sina sauti siku hizi. Sikwenda. Nimesimuliwa kwamba walimsifu sana, kwamba kila aliyeshika maikrofoni alimwita mtu wa amani, na kwamba mchungaji alisema gitaa lake liliunganisha makabila. Tumelelewa tukiambiwa aliyekufa hasemwi. Basi mimi nitasema ya mwaka ule tu, ya tangu mvua za 2007 hadi mvua zilizofuata, na anayetaka sifa zake aende Njoro akazisikie huko.

Bendi yetu iliitwa Vumbi. Tulikuwa watatu: Kiprop kwenye gitaa la umeme, Jassi kwenye ngoma, na mimi nikiimba na kupiga gitaa la mbao. Mpiga besi tulikuwa tunaazima kanisani, na hakuna aliyedumu, kwa sababu Kiprop alikuwa akiwatukana hadi wanafunga vyombo vyao. Sisi wote tulikuwa tumekulia kwenye zile nyimbo za kantri ambazo redio zetu huku Bonde la Ufa zilikuwa zikipiga kila Jumapili, nyimbo za Wamarekani wanaolia juu ya mashamba, treni, mama na chupa, na wazee wetu walizipenda kana kwamba Tennessee ni mtaa uliopakana na Molo. Kiprop ndiye aliyekuja na wazo la kuzipigia roki. Alikuwa amepata kanda za bluzi za zamani, za watu weusi wa kule waliolima pamba, na alikuwa amejifunza kutelezesha kipande cha paipu ya maji juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama mtu. Sitamnyima hilo. Nimewasikia wengi tangu wakati ule na sijasikia mwingine aliyeweza kulifanya gitaa liombe namna ile. Lakini ukiacha gitaa, alikuwa mtu mbaya kukaa naye chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa godauni nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la babake Jassi, karibu na Bondeni. Tulikuwa tunapiga muziki katikati ya mifuko ya simiti na mapipa ya rangi, ngoma zimewekwa juu ya mbao za kreti, na kila Jassi akigonga ngoma kubwa vumbi la simiti lilikuwa likishuka kutoka kwenye kenchi na kutuganda usoni. Ukuta uliotenganisha godauni na ofisi ya duka ulikuwa wa mabati matupu. Mchana mamake Jassi alikuwa anatuletea paratha zilizofunikwa kwa kitambaa, achari ya maembe na chai nzito yenye tangawizi. Kiprop alikuwa anakula zaidi yetu sote, kisha anafuta vidole kwenye suruali na kusema chakula cha Wahindi kinamchoma tumbo, mama mwenye chakula akiwa bado amesimama mlangoni na birika mkononi. Jassi alikuwa anainamisha kichwa na kukaza skrubu za ngoma zake. Mimi ndiye nilikuwa najibu, na ndivyo tulivyokuwa tukigombana kabla hata ya kuwasha amplifaya.

"Fagia" niliitunga mimi, nyumbani Kaptembwo, nikimsikiliza jirani yangu Mama Chela akifagia ua wa ploti yetu kila asubuhi. Anayeujua mji wa Nakuru anajua vumbi lake. Unafagia, linarudi kabla hujauweka ufagio. Wimbo ulikuwa ni huo tu: fagia, mama, fagia, vumbi litarudi kesho. Niliuimba polepole, kama mkono unavyokwenda. Nilipoupeleka godauni, Kiprop aliusikiliza akiwa amegeukia ukuta. "Hii ni ya matanga," akasema. "Mtu atalala amesimama." Akamwambia Jassi apige mdundo wa treni, moja-mbili, moja-mbili, mguu ukikanyaga ngoma kubwa bila kupumzika, naye akaingiza lile gitaa la kulia baada ya kila mstari, na katika mstari wa tatu akaongeza pigo moja la ziada, kama mtu aliyejikwaa akainuka. Nilichukia nilivyofurahi. Nilijua hapo hapo kwamba wimbo umepata miguu.

Tuliupiga kwanza kwenye baa moja ya nyama choma barabara ya kwenda Njoro, Jumamosi alasiri. Mpaka siku hiyo wateja walikuwa wakituzomea. Walitaka gitaa la mtu mmoja asiye na bendi, lile wanalolijua, na mzee mmoja aliwahi kunirushia mfupa wa mbavu katikati ya ubeti. Lakini "Fagia" ilipofika kiitikio cha pili walikuwa wamesimama wakipiga meza kwa viganja, na mwenye baa akatoka jikoni na kisu mkononi aone kuna nini. Tuliurudia mpaka koo likanikauka. Tulipokuwa tunakunja waya, Kiprop alimwambia mtu aliyekuja kumpongeza, "Ni wimbo wangu, huyu anaimba tu." Nikamwambia mbele ya yule mtu kwamba ni mwongo. Akacheka. "Nya, wewe ulileta mifupa. Mimi ndiye nimeweka nyama." Huyo ndiye waliyemwita mtu wa amani.

Kampeni zilipoanza, mji ulianza kuongea kwa sauti mbili. Mchana watu walisalimiana kama kawaida, niaje, poa. Halafu ukipita nyuma ya mlango ulisikia yale mengine. Mimi nilikuwa nayasikia kupitia mabati. Babake Jassi na wafanyabiashara wenzake walikuwa wanakaa ofisini jioni na chai yao, na ingawa walizungumza Kipunjabi, majina ya viongozi na ya makabila hayatafsiriki, kwa hiyo nilijua ni nini kinachoongelewa. Nilijua pia maana ya kunyamaza wanaponisikia nikikohoa. Siku moja nilifika mapema kuliko wenzangu, nikakaa juu ya mfuko wa simiti kukaza nyuzi za gitaa, na nikasikia sauti ya Kiprop ofisini, pamoja na sauti ya mtu nisiyemjua. Babake Jassi alikuwa ametoka kupeleka mali.

"Ile ya kufagia," yule mtu alikuwa anasema. "Mheshimiwa ameisikia, ameipenda. Lakini hayo mambo ya mama na vumbi hayatusaidii, boss. Weka kijana. Fagia, kijana, fagia."

"Halafu?" Kiprop akauliza.

"Halafu wageni warudi kwao. Inaingia sawa?"

Kisha nikamsikia Kiprop akiijaribu taratibu kwa mdomo, akihesabu silabi kwa kugonga meza, kama alivyokuwa akifanya na kila wimbo. "Inaingia," akasema. "Tena inaingia vizuri."

Walipotoka nilikuwa nimesimama mlangoni. Yule mtu, jamaa wa koti la ngozi na simu mbili, alinipita akanisalimia kwa heshima zote. Kiprop hakushtuka hata kidogo. Nilimuuliza wageni ni kina nani. Nilimuuliza kama mimi, niliyezaliwa hospitali ile ile aliyozaliwa yeye, ni mgeni. "Usianze, Nya. Ni siasa ya miezi miwili. Baada ya kura kila mtu anasahau." Nikamwambia wimbo ni wangu na simpi ruhusa. "Maneno ni yako. Wameyatoa, si umesikia? Imebaki melody, na melody haina kabila." Nilimtukana kwa lugha ya mamangu, lugha aliyoielewa vizuri kwa sababu tulikuwa tumekua pamoja, na nilipomaliza akaniambia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Umeona? Hata wewe ukikasirika unarudi kwenu."

Babake Jassi aliposikia, hakubishana. Aliingia godauni na kilemba chake cha buluu, akachomoa waya wa amplifaya ukutani, akauviringa vizuri na kumkabidhi Kiprop mikononi. "Mimi nauza misumari kwa kila mtu," alisema. "Siasa hapana, si kwa duka yangu. Toa vitu vyako." Kisha akamgeukia Jassi, akasema maneno machache kwa Kipunjabi, na Jassi akaanza kufungua ngoma zake moja moja. Bendi ya Vumbi ikawa imekufa, katikati ya mchana, na chakula cha mamake Jassi bado kimefunikwa juu ya kreti.

Wiki zilizofuata nilikuwa naimba kwenye harusi za watu ili nipate cha kula. Siku moja nilikuwa nimeketi hoteli ndogo mjini, nakula madondo na chapati, pikapu ikapita barabarani na spika zimefungwa juu. Ilikuwa sauti ya Kiprop mwenyewe, na gitaa lake, na lile pigo la kujikwaa katika mstari wa tatu. Fagia, kijana, fagia, wageni warudi kwao. Kijana aliyekuwa anafuta meza yangu akaanza kuuimba pamoja na spika, kitambaa kikienda kwa mdundo. Nilimtazama usoni nikitafuta chuki, sikuiona. Alikuwa anaupenda wimbo, basi. Wateja wawili walikuwa wanatikisa vichwa. Watu wa upande wangu walikuwepo pia humo ndani, wameinamia sahani zao, na mmoja wao aliweka kijiko chini polepole na kutoka bila kumaliza. Mpaka leo sijui hasira yangu ilikuwa ya nini zaidi: kwamba wimbo wangu ulikuwa unawatukana watu wangu, au kwamba ulikuwa unapendeza.

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na yaliyotokea kila mtu wa Nakuru anayajua. Wengine waliyatenda, wengine walitendewa, na wako waliofanya yote mawili. Kwetu Kaptembwo yalifika asubuhi moja ya Januari. Nilikuwa nimeinjika chai. Nilidhani ni redio ya jirani, maana ilianza kwa mbali, mdundo tu, moja-mbili, moja-mbili. Kisha nikagundua kwamba ule haukuwa mdundo wa ngoma. Ilikuwa miguu. Walikuwa wanakuja barabara ya juu wakiimba, na walikuwa wanaimba vizuri, kwa pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Katika mstari wa tatu wote walijikwaa pamoja na kuinuka pamoja. Na baada ya kila mstari, pale gitaa lilipokuwa likilia, walikuwa wanaliiga kwa midomo, sauti nyembamba za vijana zikiteleza kutoka juu hadi chini, na baada ya sauti hizo nilikuwa nasikia vioo vikivunjika.

Nilitoka uani. Mama Chela alikuwa amesimama kwenye mlango wake na ufagio mkononi. Tulikuwa tumechota maji mfereji mmoja miaka mingi. Nilikuwa nimemshikia mtoto wake akiwa na homa. Nilisema, "Mathe, niingie kwako." Alinitazama kama mtu anayesoma bango la mbali. Kisha akaingia na kufunga mlango, nikasikia komeo likipita. Sikumsihi. Nilirudi ndani, nikachukua gitaa kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mlango, nikapanda juu ya tangi la maji na kuruka ukuta wa nyuma. Nilipofika barabara ya chini niligeuka mara moja. Moshi ulikuwa umeanza kutoka ploti yetu, mweusi, wa godoro.

Nilikimbilia dukani kwa akina Jassi. Walinifungulia mlango wa nyuma na nikalala godauni, kati ya simiti, kwa siku kadhaa ambazo hakuna aliyenunua msumari. Mamake Jassi aliendelea kuleta chakula kilichofunikwa. Kupitia mabati niliwasikia wakibishana, na safari hii walichanganya Kiswahili, nadhani kwa sababu Jassi alitaka nisikie. "Tunamwacha hapa?" alikuwa anauliza. "Tunamwacha tu?" Babake akajibu kwamba gari lina nafasi ya wenye nyumba, na kwamba barabarani wanaangalia nyuso na vitambulisho. Asubuhi walipoondoka kwenda Nairobi, Jassi hakuja kuniaga. Ameniomba msamaha mara nyingi kwa hilo, na nimemsamehe, kwa sababu yeye huomba.

Mimi nikaenda uwanja wa maonyesho, kwenye mahema ya waliokimbia makwao, pamoja na maelfu ya wengine. Huko ndiko Kiprop alikonikuta. Alikuja na pikapu ya vijana wa kanisa, imejaa kabichi na unga, naye amevaa fulana nyeupe. Nilikuwa kwenye foleni. Aliniona, akaja moja kwa moja na kabichi mkononi, akanipa, nami nikaipokea kwa sababu nilikuwa na njaa.

"Sasa, Nya."

Niliipakata kabichi kifuani.

"Mimi sikuchoma nyumba ya mtu," akasema. "Wallahi. Nilikuwa Njoro siku zote."

"Walikuja wakiimba," nikamwambia. "Kwetu. Walikuwa wanaimba hadi gitaa lako. Kwa midomo, Kiprop. Gitaa likilia, na wao wanalia hivyo hivyo, halafu wanavunja."

Nilikuwa nimeyapanga mambo ambayo angeweza kusema, na mengi kati ya hayo ningeyavumilia. Angesema pole. Angesema hakujua. Hata angekana, ningeelewa. Lakini uso wake ulifanya kitu kingine. Ulifunguka kidogo pembeni mwa mdomo, kabla hajaweza kuuzuia, na akaniuliza kwa sauti ya chini, "Solo yote? Wameishika yote?"

Nilimpiga na ile kabichi. Ilikuwa kubwa, ngumu, ya Kinangop, na ilimpata kwenye shavu. Akayumba. Nikaiokota na kumpiga tena. Wanawake wa kwenye foleni walianza kucheka, wakidhani ni ugomvi wa mume na mke, na mmoja akasema, "Mfunze, dadangu!" Vijana wa kanisa walikuja wakanishika mikono. Kiprop alikuwa anavuja damu puani juu ya fulana yake nyeupe, na hakuinua mkono hata mara moja. Aliondoka akipanda pikapu kwa shida. Sikumwona tena nikiwa karibu naye. Baadaye nilimwona kwenye televisheni tu, kwenye matamasha ya kupatanisha watu, paipu kidoleni, macho yamefumbwa. Jioni ile tuliipika ile kabichi na mwenzangu wa hemani. Ilikuwa imepasuka tayari.

Mwenzangu huyo alikuwa na dada Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, kwenye mashamba ya maua, na mvua zilipokaribia tukaenda huko kutafuta kazi. Nilidhani nimefika kwetu. Lugha niliyosikia sokoni ilikuwa yangu. Tulipelekwa kwenye chumba cha mabati chenye kitanda, na sufuria iliyokuwa bado na ugali mkavu umegandamana chini, na viatu vya mtoto nyuma ya mlango. Nikauliza ni cha nani. "Ni chenu sasa," dada yule akasema. "Wenyewe walienda." Alisema "walienda" kama mtu anavyosema mvua ilinyesha. Alichukua sufuria ile, akaikwangua na kuloweka maji, tayari kwa chakula cha jioni.

Jumapili ya kwanza, wanaume walikuwa wamekaa nje ya duka la pombe, mchana kweupe, wakipiga makofi na kuimba. Nilikuwa napita na ndoo ya maji. Mguu wangu ulijua kabla ya masikio. Ulishika mdundo wenyewe, moja-mbili, moja-mbili. Fagia, Kamere, fagia, ziwa limebaki letu. Kwa lugha ya mamangu. Mstari wa tatu ulijikwaa na kuinuka, na gitaa la Kiprop likalia kutoka kwenye midomo ya watu waliokuwa wakimlaani Kiprop na jamii yake nzima. Sijui wimbo ulivuka vipi. Labda pikapu ilipita huko, labda askari waliubeba, labda watu waliukimbia huku wakiuimba. Mmoja wao aliniona nimesimama, akanikaribisha kwa mkono. "Kuja, mathe, huu si unaujua?" Nikamwambia siujui. Nikaibeba ndoo yangu nikaenda.

Nilikaa Kamere mpaka mvua zikaisha, nikikata waridi asubuhi na kufunga mashada mchana, na gitaa lilining'inia msumarini bila kuguswa. Nilipoanza kupiga tena, nilikuwa natunga kitu na kutoka nje kukitembea, kutoka chumbani hadi mfereji, nikisikiliza miguu yangu. Wimbo ukikubali kupigiwa hatua, niliutupa, hata uwe mzuri kiasi gani, na nzuri nyingi nimezitupa. Ndiyo sababu nyimbo zangu zote, tangu wakati ule hadi leo, ni za mdundo wa mapigo matatu, zile za kubembea za kantri ya zamani, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Watayarishaji wa studio wameniambia zimepitwa na wakati, na mmoja aliniuliza kama siwezi hata mara moja kuweka mdundo ambao watu watasimama wakiusikia. Nilimwambia ajaribu kwanza huu wangu: asimame, akusanye wenzake, watoke nao barabarani wakiwa wengi. Aliinuka akajaribu pale studioni, akicheka. Hatua ya nne miguu yake ilipishana, akashika ukuta asianguke.